Mrejesho: pikipiki aina ya chopa niliyowauliza kama inafaa Dodoma

Ndugu zangu, niliwauliza kama inafaa kununua chopa, yaani pikipiki ndefu yenye shokapu za mbele zilizorefushwa na kulazwa, iliyoundwa na fundi kwa matumizi ya Dodoma, na wengi mlinionya kuhusu shokapu zake ndefu za mbele. Niliinunua. Kwenye lami ya kwenda Morogoro, hasa ukishaipita Kibaigwa, raha yake ni kubwa mno, kwa kuwa umbali mrefu kati ya magurudumu huifanya ishike mstari kwa utulivu ambao sijauona katika pikipiki nyingine.

Mjini, hata hivyo, maonyo yenu yamethibitika: shokapu zikilala sana, usukani huwa mzito katika mwendo mdogo, na kugeuza mtaani huhitaji nafasi pana. Fremu yake haina shokapu za nyuma, kama zilivyo chopa nyingi za Marekani, hivyo kila shimo la barabara ya vumbi humfikia mpandaji mgongoni. Linalonisumbua zaidi ni spea, maana vyuma vya urefu ule haviuzwi dukani na hulazimu kuvichongesha.

Sitaiuza, nitaiendesha kwenye lami tu, na shughuli za kila siku nitatumia pikipiki ya kawaida.