Kompyuta yangu ya mezani ya 2012 inajizima ghafla: niitengeneze au niachane nayo?

Nuru_wa_Kurasa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri kabla sijaamua kwa hasira.

Nina kompyuta ya mezani ya mwaka 2012: prosesa Intel Core i5-3470, RAM GB 8 za DDR3, diski ya kuzunguka ya GB 500, Windows 10. Kazi yangu ni kuchapa na kupanga kurasa za vitabu vya watu, natumia LibreOffice na Scribus, pamoja na skana. Michezo sichezi, video sihariri.

Huu mwezi wa pili inajizima yenyewe, kama mtu amechomoa waya. Kuwaka mpaka nianze kazi ni dakika sita. Nikiichomoa ukutani usiku, asubuhi tarehe imerudi nyuma miaka. Juzi ilinizimikia nikiwa sura ya mwisho ya kitabu cha mteja, kurasa kumi na moja zikaenda. Nililia, sioni aibu kusema.

Fundi wa kwanza hakufungua hata kasha, akasema bodi mama imekufa, nimwachie aitoe spea. Wa pili akasema nipige Windows upya itapona. Mashine hii ndiyo iliyoniingiza kwenye kazi, sitaki kuitupa kwa kosa dogo. Lakini pia sitaki kuimwagia hela kila mwezi.

FundiMita

Pole sana dada. Hapo una magonjwa matatu, ndiyo maana kila fundi amekushikia lake. Tarehe kurudi nyuma ni bateri ya bodi, CR2032, ile ya duara ya volti 3. Badilisha, hilo limeisha. Kuwaka kwa kusuasua ni diski. Kujizima ndiko kwenye kazi: ama joto, ama pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme. Bodi iwe ya mwisho kushukiwa.

Ila kabla hujashika bisibisi, kopi kazi za watu. Na usiendeshe CHKDSK, ile programu ya Windows ya kukagua diski, kwanza! Diski inayokufa ukiipa kazi nzito ya kujikagua inaweza kukata roho kabla hujaokoa kitu. Ukishakopi, weka CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, tazama mstari wa 05 na wa C5. Hizo ni sehemu za diski zilizokwisha kuharibika na zile zinazokataa kusomeka. Kama si sifuri, usiweke tena kazi ya mtu humo.

Kisha fungua ubavu, puliza vumbi, kagua kapasita za bodi, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, kama kuna zilizovimba kichwa. Mwenye mita ya kupimia volti akupimie waya wa njano na mweusi kompyuta ikiwa kazini: inatakiwa volti 12, ikicheza kati ya 11.4 na 12.6. Kasha la pawasaplai lenyewe usilifungue, hata ukiwa umechomoa. Kapasita zake hubaki na umeme wa kukudhuru.

Babu_Pini

Mimi nasema achana nayo, binti yangu, na nasema kwa uchungu maana yaliwahi kunikuta. Yangu ya umri huo niliifufua mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Leo feni, kesho RAM, keshokutwa bodi. Nilipojumlisha, ningepata nyingine na chenji.

Halafu Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0, chipu ya usalama, na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yako ni cha tatu. Kuna njia za kuilazimisha, lakini Microsoft haikuahidi masasisho ukipita huko. Wewe unashika kazi za watu, hilo si la kupuuza.

Tumaini_B

Babu ana hoja, lakini tuangalie kila kifaa kivyake. Jiulize: nikinunua hiki leo na bodi ikafa kesho, nitahama nacho? SSD, yaani diski isiyozunguka, ya plagi ya SATA utahama nayo. Skrini na kibodi pia. RAM ya DDR3 hutahama nayo, mashine za sasa hazipokei. Kwa hiyo anza na SSD, usiongeze RAM. Diski ya kuzunguka ikiwa nzima husoma MB 100 hadi 150 hivi kwa sekunde, SSD ya SATA hufika 500 na zaidi, na kilicho kikubwa kuliko namba hizo ni kwamba haihangaiki kutafuta faili huku na kule.

Kuhusu Windows: LibreOffice na Scribus zote zipo kwenye Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Weka Linux Mint kwenye flashi, washa kompyuta kutokea hapo, ujaribu skana yako bila kuigusa diski. Skana ikikataa, utakuwa umejua mapema.

Nuru_wa_Kurasa

Nimerudi, wapendwa. Kazi zote zimekopiwa sehemu mbili. C5 si sifuri. Joto la prosesa lilikuwa nyuzi 96. Nilipotoa vumbi na kubadilisha ile pesti ya chini ya chuma cha kupozea, limeshuka hadi 61. Kapasita zote bapa. Lakini bado imezima mara moja, na mita imesoma volti 11.1. Skana imefanya kazi kwenye Mint, nimefurahi mno.

FundiMita

11.1 hiyo ndiyo jibu. Badilisha pawasaplai. Angalia plagi inayoingia kwenye bodi: kama ni ya pini 24, chukua ya kawaida ya ATX yenye kipimo cha kuingia kwenye kasha lako, nayo utahama nayo. Mashine nyingi za maofisini zina plagi yake ya pekee. Ikiwa hivyo, hesabu upya.

Babu_Pini

Basi nakubali, kwa sharti. SSD usiitie kwenye hesabu. Matengenezo mengine yote yakivuka nusu ya bei ya mtumba ya kizazi cha nane, simama hapo hapo.

Nuru_wa_Kurasa

Nimehesabu pini, ni 24. Nanunua SSD, pawasaplai na bateri. Bodi ikifa, sitaifufua. Swali la mwisho: diski ya zamani ina miswada ya watu ambayo haijatoka. Nifomati niiuze?

FundiMita

Usiiuze. Kufomati kwa haraka hakufuti maandishi, na zile sehemu mbovu huenda hata programu ya kufutia isizifikie. Itobolewe kwa drili mpaka kwenye sahani, uvae miwani ya kazi, kisha mabaki yaende kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Lakini usiharakishe. Ikae kabatini mpaka uwe umefungua kila faili kwenye zile kopi mbili.