Naomba ushauri: wanafunzi wa kidato cha tatu hawataki kuongea Kiingereza

Walimu wenzangu habari zenu, nafundisha Kiingereza sekondari ya kutwa hapa Eastlands, Nairobi, na naomba mnisaidie mawazo. Wanafunzi wangu insha wanaandika vizuri tu, grama wanajua, lakini ukimwambia mtu asimame aongee kidogo anainamisha kichwa na wengine wanaanza kucheka. Tena KCSE yenyewe, mtihani wa kumaliza sekondari, ile pepa ya kwanza ya Kiingereza ina maksi 30 kati ya 60 za stadi za mazungumzo lakini zinajibiwa kwa kuandika, so mtoto anaona kuongea hakumsaidii kitu.

Siku hizi nawapa kazi za wawili wawili, mmoja ana ramani ya tao yenye majina ya barabara yamefutwa, mwenzake anayo kamili, lazima waulizane ndio ijae. Hiyo wanaipenda sana, hata wale wapole wanaongea juu anayewasikiliza ni mmoja tu. Pia kuna igizo la makanga na abiria anadai chenji yake, hapo ndio utashangaa vile wanajua kujitetea. Lakini darasa limejaa, kelele inafika kwa jirani, na nikigeuka tu wanarudi Sheng.

Sasa mnafanyaje wasihame lugha bila kuwaadhibu? Maana ile diski anayovalishwa shingoni mtoto akipatikana akiongea lugha nyingine mimi siitaki kabisa, inaua moyo wa mtoto. Na makosa mnasahihisha hapo hapo ama mnangoja wamalize? Wenye madarasa makubwa, vikundi mnavipanga aje?