Mjadala: Nani achague mgombea urais wa chama Uganda, vikao au wanachama wenyewe?

Mleta mada, Kampala

Wadau, nawasalimu. Nataka tujadili jambo ambalo kila baada ya miaka mitano tunalinong'ona kwenye taksi na kwenye viti vya kinyozi, kisha linapita. Ndani ya vyama vyetu, nani hasa anayemchagua mgombea urais?

Kikatiba jibu lipo. Ibara ya 71 inavitaka vyama viendeshe mambo yao ya ndani kwa misingi ya demokrasia, na viongozi wa vyombo vyao vya taifa wachaguliwe mara kwa mara. Kwa vitendo, mbio za kutafuta tikiti ya urais hapa kwetu humalizika kabla hazijafunguliwa, na anayezimaliza si mwanachama wa kawaida.

Naanza na NRM kwa sababu ndicho chama tawala, na ndicho chenye matawi mpaka kijijini. Februari 2014 wabunge wake walikuwa wamekusanyika Kyankwanzi kwenye chuo cha uongozi. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miaka miwili kamili. Evelyn Anite, wakati huo mbunge wa vijana, akapiga magoti na kutoa hoja kwamba Rais Museveni awe mgombea pekee wa chama mwaka 2016. Wabunge wakapitisha. Wale walichaguliwa kwenda bungeni kutunga sheria. Sijui ni mpiga kura gani wa Kamuli au Kisoro aliyewatuma wakamfungie mlango wa kugombea tikiti mtu yeyote mwingine.

Yaliyofuata mnayakumbuka. Amama Mbabazi, aliyekuwa Waziri Mkuu na pia Katibu Mkuu wa chama, akaondolewa uwaziri mkuu Septemba 2014. Desemba mwaka huohuo mkutano mkuu ukakaa Namboole na kubadili katiba ya chama, katibu mkuu akawa mtu wa kuteuliwa badala ya kuchaguliwa na wajumbe. Juni 2015 Mbabazi akatoa video akisema anaitaka tikiti ya chama chake. Tarehe 9 Julai, akiwa njiani kwenda Mbale kukutana na watu, polisi wakamkamata Njeru. Mwezi haujaisha, akatangaza kwamba atagombea nje ya chama. Februari 2016 akapata chini ya asilimia 2 ya kura.

Najua jibu la wengi: "Si mliona hakuwa na watu?" Huenda ni kweli. Basi kama hakuwa na watu, kulikuwa na hatari gani kumwacha asimame mbele ya wajumbe wa chama, apigiwe kura, aangushwe hadharani, mambo yaishe? Alipimwa akiwa nje, baada ya kufukuzwa uwanjani. Ndani hakupimwa kamwe.

Februari 2019 likarudi vilevile, safari hii Chobe. Kamati Kuu ya chama ikakaa hotelini ndani ya mbuga na kutoka na azimio kwamba Mzee, yaani Museveni, abaki mgombea pekee mwaka 2021, na hata baada ya hapo. Katikati ya 2025 akachukua fomu Kyadondo Road, makao makuu ya chama, akazirudisha, akapita bila kupingwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Tarehe 17 Julai 2025 chama hichohicho kiliwatoa wanachama wake majumbani, wakajipanga mistari kijiji kwa kijiji nyuma ya wale waliotaka tikiti ya ubunge. Mama anayeuza ndizi Luweero aliaminiwa kuamua nani awe mbunge wake. Kwa nafasi ya urais, mama huyohuyo hakuulizwa neno. Mimi nasema aulizwe. Daftari lilelile la kijiji, siku ileile, mwanachama yeyote mwenye sifa aruhusiwe kuchukua fomu, na vikao vya wabunge vipigwe marufuku kupitisha azimio lolote kuhusu mgombea kabla fomu hazijafunguliwa.

Karibuni. Wa NRM, wa upinzani, na wasio na chama.

Mchangiaji, Arua

Ndugu mleta mada, heshima yako, ila hapa tunapishana.

Hiyo Julai 17 unayoisifu mimi niliiona kwa macho. Mistari ilikuwepo, na ngumi zilikuwepo. Huku alihesabiwa mmoja, jioni akatangazwa mwingine. Walioshindwa wengi hawakukubali, wakaenda kugombea kama wagombea huru. Sio jambo la jana: Bunge lililochaguliwa 2021 lilikuwa na wabunge huru zaidi ya 70, na wengi wao ni watu walioondoka NRM na hasira za mchujo. Hiyo ni kwa ubunge tu.

Sasa lipeleke jambo hilo kwenye urais. Angalia waliowahi kumpinga Mzee kutoka ndani au karibu naye. Kizza Besigye mwaka 2001 alikuwa kanali aliyekuwa daktari wake wakati wa vita vya msituni. Muntu alikuwa mkuu wa jeshi. Hapa kwetu ugomvi wa juu haujawahi kuwa wa raia watupu. Sisi wa West Nile tumekimbilia Sudan na Kongo kwa sababu ya wakubwa kutoelewana. Watoto wetu hawajui kambi za wakimbizi zinanukaje, na sitaki wajue. Kama mgombea pekee ndiyo bei ya chama kutopasuka, na chama kutopasuka ndiyo bei ya usiku tulivu, mimi nailipa bei hiyo.

Na tena niulize: FDC, chama cha upinzani cha akina Besigye na Muntu, walipiga kura kila mara. Leo wako wapi?

Mchangiaji, Kasese

Nakuunga mkono mleta mada, ila usiishie NRM. Chama cha upinzani cha NUP, tangu Kyagulanyi (Bobi Wine) alipokitangaza Julai 2020, kina jina moja tu la urais. Mimi ni wa huko na nakipenda, lakini hilo nalisema.

Mchangiaji, Mbale

Wazee wangu, niseme kidogo kuhusu hao wajumbe, maana niliwahi kuwa mmoja wao, chama sitakitaja.

Mjumbe anatoka wilayani na nauli ya kwenda tu. Akifika Kampala analazwa na mtu wa kambi fulani, analishwa na mtu wa kambi hiyohiyo, na pesa ya kurudi nyumbani ataipata baada ya kura. Usiku wa kuamkia mkutano watu wanazunguka vyumbani na bahasha. Sikatai kwamba wapo waliopiga kura kwa imani yao. Nilikaa nao, nawajua. Lakini mtu mwenye pesa akijua wajumbe ni elfu moja, anajua na bajeti yake. Kwa hiyo tukisema "mkutano mkuu ndio demokrasia" tuwe waangalifu. Ukiwapa wanachama wote kura, hakuna mwenye mfuko wa kuwalaza wote hotelini.

Mchangiaji, Mutukula

Mimi biashara yangu iko pande zote mbili za mpaka, acha niwape ya majirani. CCM mwaka 2015 watu 42 walichukua fomu za urais, 38 wakarudisha. Dodoma wakachujwa wakabaki watano, kisha watatu, mkutano mkuu ukampitisha Magufuli. Lowassa, ambaye kila mtu aliona ana nguvu, alikatwa mapema kwenye vikao vya juu, akahamia Chadema na kugombea huko. Kwa hiyo hata penye fomu nyingi, mkasi ukiwa mikononi mwa wachache, bado mtu anatoka na mguu wake. Na Januari 2025 CCM hiyohiyo ilikaa Dodoma ikampitisha Rais Samia mapema, bila mwingine. Mambo haya yanasafiri, yanavuka mpaka haraka kuliko magari yetu ya mizigo.

Mleta mada, Kampala

Nashukuru. Naanza na swali la FDC, kwa sababu ndilo zito, na ndilo linalorushwa kila mara ili watu wanyamaze.

Tuiangalie kwa miaka. Novemba 2012 Besigye aliachia urais wa chama kabla ya muhula wake kwisha. Wajumbe wakapiga kura: Muntu 393, Nandala Mafabi 361, Ekanya 17. Tofauti ya kura 32 tu. Kambi ya Nandala ilinung'unika kwa miezi, na kelele zilikuwa kubwa kweli, lakini Nandala hakuondoka. Yumo FDC hadi leo, na ndiye aliyebeba bendera yake kwenye uchaguzi wa 2026. Septemba 2015 Besigye na Muntu wakashindania tikiti ya urais wa nchi. Besigye 718, Muntu 289. Muntu alikuwa ndiye rais wa chama! Akashindwa na mtu aliyemwachia kijiti, akakubali, akazunguka nchi nzima kumfanyia kampeni aliyemshinda. Mwaka huohuo, miezi ileile, upande wa pili Mbabazi hakupewa nafasi ya kupigiwa kura, naye akatoka. Vyama viwili, mwaka mmoja. Aliyepigiwa kura akashindwa alibaki. Aliyenyimwa kura aliondoka. Mchangiaji wa Arua, naomba uutazame mfano huo bila haraka.

Utaniambia 2017. Ndiyo, Novemba 2017 Muntu alishindwa na Patrick Amuriat kwenye urais wa chama, na Septemba 2018 akaondoka, baadaye akaanzisha chama chake, ANT. Lakini waliokuwa karibu wanajua kilichokuwa kinabishaniwa: wengine walitaka ukaidi wa barabarani, Muntu alitaka kujenga matawi kwanza. Kura iliuonyesha mpasuko ambao tayari ulikuwepo. Na mvutano wa 2023, kati ya kambi mbili za FDC, ya Najjanankumbi na ya Katonga, ulianzia kwenye swali la fedha zilizoingia chamani kwa ajili ya uchaguzi wa 2021 zilitoka wapi. Chama kinaweza kufa kwa pesa zisizojulikana chanzo chake huku hesabu za kura zikiwa safi. Tusizitwike kura mzigo usio wake.

Kuhusu amani. Kaka, sikudharau hata kidogo. Mimi sikuzaliwa Arua, na kambi nimezisikia kwa wazee tu. Lakini soma tena orodha yako mwenyewe: Besigye mwaka 2001, wakati wa mfumo wa Movement usiokuwa na vyama, hakuwa na mchujo wowote wa ndani wa kushindania. Kila aliyempinga Mzee na kutoka alitoka mlango ukiwa umefungwa. Hofu yako ni ya wakubwa kukosana. Mimi hofu yangu ni ileile, na ndiyo maana nataka wawe na mahali pa kukosania mchana, penye mawakala na karatasi, mshindwa akaambiwa hadharani na wanachama wake kwamba ameshindwa. Tena kuna jambo ambalo kikao cha Chobe hakiwezi kulijibu: Mzee alizaliwa 1944. Ukomo wa mihula uliondolewa 2005, ukomo wa umri ukaondolewa Desemba 2017. Siku nafasi ile itakapokuwa wazi, chama ambacho hakijawahi kushindanisha watu wake kwa tikiti ya urais kitajifunzia wapi? Siku hiyohiyo? Hapo ndipo usingizi unaponipaa.

Na wanaosema NRM haiwezi kubeba ushindani wa juu, Agosti 2025 wajumbe wake walikutana Kololo, Kadaga na Among wakashindania nafasi ya makamu mwenyekiti mwanamke. Spika wa zamani na Spika wa wakati huo. Kampeni zilikuwa kali nchi nzima, Among akashinda kwa kura nyingi mno. Nchi haikuungua. Kama kiti hicho kinashindaniwa, kilicho juu yake kinashindikana kwa nini?

Wa Mbale umenisaidia sana. Yale ya bahasha ndiyo sababu sitaki tuishie kwa wajumbe. Wa Kasese, naam, NUP iingie kwenye kanuni hiyohiyo, na DP na UPC pia. Anayedai kura ya haki kutoka kwa Tume ya Uchaguzi aanze kuitoa nyumbani kwake.

Mchangiaji, Arua

Huo mfano wa 2015 nimeuelewa, na siwezi kuukana. Hilo la Agosti sikubaliani nalo sana. Busoga, kwao Kadaga, wana kidonda mpaka leo kwa alivyotendewa, kaulize Kamuli. Usiseme hakuna kilichoungua.

Lakini swali langu halijajibiwa. Mstari wa Julai uliibiwa kijijini, mbele ya watu wanaojuana kwa majina. Kura hiyo ya urais wa chama ataihesabu nani? Tume ya chama inayoripoti kwa mwenyekiti ambaye naye ni mgombea?

Mleta mada, Kampala

Hapo umegusa penyewe. Mstari mimi siutaki kwa nafasi hii, kwa sababu mwalimu wa shule ya serikali hatasimama nyuma ya mpinzani wa Rais huku afisa wa wilaya akimtazama. Liwe sanduku. Kura zihesabiwe palepale kijijini, mawakala wa kila mgombea watie saini fomu ya matokeo na kila mmoja aondoke na nakala yake, kama tunavyofanya vituoni siku ya uchaguzi mkuu, na jumla ya wilaya isomwe kwa sauti kabla ya kupelekwa Kampala. Mwenyekiti akiwa mgombea, akae pembeni na shughuli yote mpaka matokeo yatoke, na tume isimamiwe na watu waliokubaliwa na wagombea wote.

Mwaka 2031 si mbali, na azimio linalofuata linaweza kupitishwa 2029 au hata kabla. Wa Mbarara na wa Gulu sijawasikia bado. Mnalionaje hili la sanduku?