Ushauri: Nataka kupanda hopsi nyumbani Mwanza kwa ajili ya bia, itakubali?

NyegeziJuu (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Napika bia nyumbani, lita 20 kwa mkupuo, ya kunywa na jamaa tu, si ya kuuza. Kinachonikwamisha ni hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu: lazima iagizwe nje, na ikifika imeshapigwa joto njiani hadi inanuka jibini. Nina ua wa mita 6 kwa 4 huku Nyegezi, udongo wa kichanga wenye changarawe, maji ya bomba yapo, jua la kutosha. Lakini kila ninaposoma naona hopsi ni zao la nchi za baridi. Itaota huku? Itatoa maua? Nianze na mbegu au mche? Sitaki kutupa hela.

Lupulini

Mkuu, kuota itaota. Adui yako si joto wala udongo, ni urefu wa mchana. Hopsi inachanua mchana ukiwa mfupi. Ukishuka chini ya masaa 14 hadi 16, kutegemea aina, inaacha kupanda na kuanza maua. Ujerumani kule Hallertau mchana wa mwezi wa 6 ni masaa 16, kwa hiyo mmea unapanda mita 6 na zaidi kwanza, halafu mchana ukianza kupungua ndiyo unachanua, tena ukiwa na matawi ya kubeba mzigo. Mwanza ipo nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta, mchana wetu ni masaa 12 na dakika chache Januari hadi Desemba. Mche wako utaona siku fupi tangu siku ya kwanza, utachanua ukiwa kimo cha goti, utakupa koni (yale maua yanayovunwa) kumi na kitu, basi. Hapo ndipo watu husema "imekataa joto".

Dawa yake ni taa. Afrika Kusini, mashamba ya hopsi ya mji wa George yalikuwa yakiwasha taa usiku kabla hawajazalisha aina zao zinazovumilia mchana mfupi, na wao wapo nyuzi 34 kusini, mchana wao wa kiangazi ni mrefu kuliko wetu. Brazil wanawasha mpaka leo. Hata mashamba ya maua hutumia ujanja huohuo kuzuia krisanthemumu isichanue mapema.

FundiTaa_Buhongwa

Naongezea upande wa umeme maana hapo ndipo wengi huchemka. Taa hii si ya kukuza mmea, ni ya kuudanganya kwamba jua bado lipo, hivyo huhitaji zile taa za bei mbaya za zambarau. Balbu za LED za wati 9, mwanga wa njano. Usichukue nyeupe ya kibuluu, kwa sababu mwanga mwekundu ndio unaozuia maua na ya njano inao zaidi. Kwa mstari wako wa mita 6 weka balbu 4, mita 1 na nusu kutoka moja hadi nyingine, zining'inie mita 1 hadi 1 na nusu juu ya vichwa vya mimea. Funga waya wake kwenye kapi uweze kuzipandisha kadiri inavyokua.

Mwanza jua linachomoza kwenye saa 12:45 asubuhi. Tega taima iwashe saa 12:30 jioni na kuzima saa 6 usiku, umepata masaa 17. Wati 36 mara masaa 5 na nusu ni kama uniti 0.2 kwa siku, yaani uniti 6 kwa mwezi. Kwenye LUKU hutaziona.

Umeme ukikatika usiku mmoja, usihofu. Ukikatika siku tatu nne mfululizo, mmea unaweza kuanza kuchanua na ukishaanza ni vigumu kuurudisha nyuma, kwa hiyo uwe na balbu mbili za sola pembeni. Jambo jingine ni letu sisi wa ziwani: siku wale vijidudu wakipanda kutoka ziwani wanajaa kwenye balbu, wanakufa na kudondokea majani ya chini, buibui nao wanafuata. Sogeza balbu nusu mita pembeni ya mstari ili uchafu udondoke njiani na si kwenye mmea, na uzifute kila asubuhi.

MamaKitalu

Na baridi je? Vitabu vyote vinasema mizizi lazima ilale miezi miwili kwenye baridi kali.

Lupulini

Dada, hilo lilirudiwa miaka mingi, lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 ulionyesha hopsi inachanua vizuri bila kupitishwa kwenye baridi, ilimradi urefu wa mchana udhibitiwe. Ndiyo maana kwenye joto inawezekana kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka. Baada ya kuvuna kata mashina yaache sentimita 10, mwagia kidogo, yakianza kuchipua washa taa tena.

MamaKitalu

Nimekuelewa. Basi nije kwenye miche. Mbegu achana nayo kaka. Hopsi ina dume na jike kwenye mashina tofauti, anayetoa koni ni jike, na kwa mbegu hujui utapata nini mpaka ichanue. Dume moja tu likiwa jirani, koni zinajaa mbegu. Tafuta mche wa jike wenye jina. Aina ya Cascade ndiyo ya kuanzia, ina nguvu na inasamehe makosa. Saaz na zile za Ulaya za zamani ziache kwanza, zinadeka.

Usilete kipande cha mzizi kwenye begi. Unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka. Si urasimu wa bure: kuna viroidi ya hopsi (kimelea kidogo kuliko kirusi) inayosafiri ndani ya mche unaoonekana mzima kabisa, ikishaingia haina dawa.

Ukipata mche mmoja umepata kumi. Kata kipande cha shina laini chenye vifundo viwili, kifundo cha chini kizikwe kwenye mchanga mbichi, cha juu kibaki na majani yaliyopunguzwa nusu. Funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, weka kivulini. Wiki mbili hadi tatu mizizi imetoka.

Shimo liwe sentimita 50 kila upande, debe moja la samadi iliyooza, nafasi mita 1. Kwa ua wako mimea 5. Kichanga chetu hakishiki maji, tandaza pumba za mpunga unene wa kiganja, lakini zisiguse shina. Magugu maji nayo ni mboji nzuri yakishaoza, ila yatoe mbali na mitaro ya mji. Mbolea ya kuku mbichi utaunguza.

Sangabuye77

Nguzo: mirunda miwili ya mita 6, mita 1 ichimbiwe chini, waya juu. Kamba ya kupandia iwe ya katani. Hopsi haina vikonyo vya kushikia kama tango, inashika kwa vinywele vya shina, na kwenye nailoni inateleza mpaka chini upepo wa ziwani ukivuma. Kamba mbili kwa kila mmea, machipukizi mawili au matatu kwa kila kamba, mengine yote kata bila huruma. Izungushie kufuata mshale wa saa ukiangalia kutoka juu. Ukiizungusha kinyume itajifungua yenyewe usiku.

Mbolea ya CAN kijiko kimoja cha chakula kwa mmea kila baada ya wiki mbili, sentimita 20 kutoka shinani, kisha mwagia. Maua yakianza acha.

Magonjwa: ubwiri unga dawa yake salfa, ipulizwe kabla ya maua na si kwenye jua kali. Ubwiri vinyoya unakuja na mvua, kwa hiyo ondoa majani yote mita 1 ya chini hewa ipite. Kiangazi shida ni utitiri. Geuza jani, ukiona utando mwembamba na vidoa vya njano pigia maji kwa nguvu upande wa chini, asubuhi, siku tatu mfululizo. Koni zikishatokea usipulize sumu, utaichemsha na kuinywa.

BiaNaKimea

Wakuu mnamtia moyo sana. Taa, nguzo, kibali, yote hayo kwa mimea 5? Nunua hopsi ya vidonge iliyofungwa bila hewa, weka friza, maisha yaendelee.

Lupulini

Kwa hesabu ya hela una haki. Kwa mwaka wa kwanza asitegemee zaidi ya gramu chache kavu kwa mmea. Ila ile harufu ya koni iliyochumwa asubuhi na kuingia sufuriani mchana haiuzwi kwenye pakiti.

Tena mkuu usitumie za kwako kwa uchungu, kwa sababu hujui zina asidi alfa (ndiyo inayoleta uchungu) kiasi gani. Uchungu weka hopsi ya dukani: gramu 28 zenye alfa asilimia 5.5, zichemke dakika 60 kwenye lita 20, unapata kama IBU 18 (kipimo cha uchungu wa bia). Zako ingiza dakika 5 za mwisho. Zikiwa mbichi, gramu 150 zinafanya kazi ya gramu 30 kavu.

Ratiba: washa taa kuanzia Machi, zima mwanzoni mwa Juni mashina yakiwa yamefika juu, uvune kwenye kiangazi cha Agosti. Koni iliyoiva ukiibonyeza inarudi na kulia kama karatasi, na ndani unga wake ni njano iliyokolea. Kausha kwenye wavu kivulini na feni, kamwe si juani. Pima: gramu 500 mbichi zikibaki 110 hivi, na kijiti cha katikati kikivunjika badala ya kupinda, funga na uweke friza.

MamaKitalu

Na mabaki ya hopsi baada ya kupika yafukie. Mbwa akila anapandwa na joto la mwili mpaka anakufa.

NyegeziJuu

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Swali la mwisho: jirani ana taa kubwa ya ulinzi inayomulika ua wangu usiku kucha. Si inanisaidia?

FundiTaa_Buhongwa

Itakusaidia hadi Juni, kisha itakuangusha. Ukizima za kwako na ya jirani ikabaki, mmea utaendelea kudhani bado mchana na hautachanua. Nenda usiku usimame pale pa kupandia na gazeti mkononi. Ukiweza kusoma maandishi, ama umwombe ageuze taa yake, ama utundike turubai upande ule kabla hujachimba shimo lolote.