Kamera za porini: zimnase jangili tu, au kila apitaye?

Mleta mada:
Wakuu, hebu tulijadili hili. Kamera za kutega porini ziliwekwa kuhesabu wanyama, sasa zinanasa watu. Kwenye hifadhi ya chui milia ya Corbett, India, utafiti uliochapishwa 2024 ulieleza jinsi wanawake waokota kuni wanavyofuatiliwa kwa kamera na droni. Picha ya mmoja akijisaidia ilisambazwa mitandaoni. Wengine wakaacha kuimba na kuongea kwa sauti msituni, ilhali kelele hizo ndizo zinazowaepusha na wanyama! Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya Tennessee, Marekani, iliamua kuwa askari wa wanyamapori walivunja katiba ya jimbo kwa kupekua ardhi za watu bila kibali. Mlalamikaji mmoja alikuta kamera yao kwenye mti wake.

Msimamo wangu: picha ya asiye na kosa ifutwe, na kamera kwenye ardhi ya mtu ipate kwanza kibali cha hakimu. Mnasemaje?

Mchangiaji wa pili:
Mkuu, hakimu gani utamwamsha saa nane usiku? Jangili anapenda giza. Kamera za joto, zinazoona joto la mwili hata gizani, zilipoanza kutumika Maasai Mara, Kenya, 2016, giza likaacha kumficha. Halafu ukifuta picha leo, kesho mzoga ukipatikana utajuaje nani alipita pale? La picha ya yule mama ni uhuni mtupu. Ashitakiwe aliyeisambaza, kamera iachwe ifanye kazi.

Mchangiaji wa tatu:
Nyote mko msituni, tajiri wa biashara hii hayuko huko. Mwaka 2018 wanasayansi waliopima vinasaba vya shehena za pembe za ndovu zilizokamatwa walikuta meno mawili ya tembo mmoja yamesafirishwa kwenye shehena tofauti kupitia bandari ileile. Wakaiunganisha mizigo hiyo na mitandao mitatu mikubwa ya magendo: Mombasa, Entebbe na Lomé (Togo). Hakuna mwokota kuni aliyepigwa picha hapo.

Na wewe unayetaka picha zitunzwe: 2013 kuna mtu alijaribu kuingia kwenye barua pepe iliyokuwa ikipokea taarifa za mahali alipo chui milia wa Panna, India, aliyevishwa kola ya GPS, mkanda wa shingoni unaoonyesha alipo. Alizuiwa, sawa. Hizo picha zako nywila atashika nani?

Mchangiaji wa pili:
Mkuu wa doria, na kila anayefungua aandike jina na sababu. Miezi mitatu, zifutwe. Ila la hakimu bado nakataa.