Naombeni ushauri, projekti ya saa za ioni imenilemea

Wadau habari, niko Kisumu, fizikia mwaka wa nne, na kwa kichwa ngumu yangu nikachagua saa za atomu za ioni zenye chaji kubwa, yaani atomu zimeng'olewa elektroni nyingi. Venye nimeelewa, 2022 watu wa PTB, ile taasisi ya vipimo ya kule Ujerumani, waling'oa agoni elektroni 13 wakaipooza wakitumia ioni ya berili, sasa zile 5 zimebaki zimeshikwa kwa nguvu hadi stima ya nje haiwasumbui ovyo. Shida ni supavaiza anataka nionyeshe vile saa hizi zinaweza pima kama alfa, ile namba ya nguvu ya umeme na sumaku, karibu 1/137, inabadilika na wakati. Nilinganishe ioni gani mbili? Kaliforniamu ama? Na hesabu naanzia wapi, laptopu yenyewe ni ya kuomba, programu nzito haiwezi.