Mjadala: Je, Shakespeare mwigizaji ndiye aliyeandika tamthilia zake?

Wadau wa fasihi, naomba tulijadili hili bila kubezana. Kila akitajwa William Shakespeare, hatokosa mtu wa kusema kwamba yule bwana wa mji wa Stratford alikuwa mwigizaji tu, na mwenye kalamu hasa alikuwa mwingine aliyejificha nyuma ya jina lake. Tangu karne ya 19 aliyepigiwa debe ni mwanafalsafa Francis Bacon. Tangu 1920 anayependwa zaidi ni kabaila Edward de Vere wa Oxford.

Hoja zao zinajulikana. Baba yake Shakespeare alikuwa mtengeneza glavu. Yeye mwenyewe hakukanyaga chuo kikuu. Wosia wake wa 1616 hautaji kitabu hata kimoja. Saini zake zilizobaki ni sita tu, tena za mwandiko wa kuhangaika, na binti yake Judith aliweka alama pale penye kutakiwa saini. Wanauliza: mtu wa namna hiyo aliyajulia wapi mambo ya wafalme, sheria na Italia? Wala wanaouliza si wapita njia. Mwaka 2007 waigizaji wakubwa wa Uingereza, Derek Jacobi na Mark Rylance, waliunga mkono hadharani tamko la kutilia shaka uandishi wake, na Rylance alikuwa ameongoza ukumbi wa Globe wa London uliojengwa upya kwa miaka kumi, 1995 hadi 2005. Shaka ya mtu aliyeyabeba maneno yale kinywani kwa miaka yote hiyo inastahili kujibiwa, si kuchekwa.

Msimamo wangu ni huu: tumemtafuta mwandishi huyu maktabani na vyuoni, tukaacha kumtafuta kazini kwake. Uigizaji wenyewe ndio ushahidi.

Chukueni nakala ya Romeo and Juliet iliyochapwa 1599. Katika tendo la nne, mahali ambapo maelekezo ya jukwaa yalipaswa kusema mtumishi Peter anaingia, pameandikwa kwamba anaingia Will Kemp. Kemp hakuwa mhusika wa tamthilia. Alikuwa mchekeshaji wa kampuni ya waigizaji ya Shakespeare, mtu wa nyama na damu. Mwaka uliofuata, 1600, ikachapwa Much Ado About Nothing, na humo maneno ya askari mpumbavu Dogberry yamewekewa jina la Kemp, na ya mwenzake jina la Cowley, mwigizaji mwingine wa kampuni hiyo hiyo. Mwaka huo huo ikatoka sehemu ya pili ya Henry IV, na ndani yake anaingia "Sincklo", mwigizaji wa sehemu ndogondogo ambaye kwa dalili zote alikuwa mwembamba kupindukia, kwa sababu mara tu anapoingia anamiminiwa matusi ya wembamba.

Tafakarini hapo. Aliyeandika hakuwa na mhusika kichwani peke yake. Alikuwa na mwili wa Sincklo mbele ya macho yake, akajua watazamaji watacheka wakimwona, akamwandikia matusi yanayomfaa kama fundi anavyoshona nguo kwa kipimo cha mteja aliyesimama mbele yake.

Halafu Kemp akaondoka, mwishoni mwa miaka ya 1590. Alikuwa mtu wa ngoma na vichekesho vya mwili; mwaka 1600 alicheza ngoma njia nzima kutoka London mpaka Norwich. Nafasi yake ikachukuliwa na Robert Armin, mtu wa kuimba na wa maneno makali ya busara. Na wachekeshaji wa Shakespeare wakabadilika! Wale mabwege wa kukosea maneno wakapungua, wakaja Touchstone, Feste, na yule mcheshi wa King Lear anayemwambia mfalme ukweli kwa nyimbo. Wanaomtetea de Vere wanapaswa kutueleza kabaila aliyekaa kwenye jumba lake alifuatiliaje nani kaajiriwa na nani kaacha kazi katika kampuni ya waigizaji, hadi abadilishe namna yake ya kuandika kwa ajili yao.

Kuhusu elimu sitakaa sana. Ben Jonson, msomi mkubwa kuliko waandishi wote wa tamthilia wa kizazi kile, alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa mwashi wa matofali, naye hakusoma chuo kikuu. Hakuna anayemtafutia Jonson kabaila. Jonson huyo huyo aliigiziwa tamthilia zake na kampuni ya Shakespeare, na orodha ya waigizaji wa mwaka 1598 na ile ya 1603 zote zinamtaja Shakespeare miongoni mwao. Alimjua ana kwa ana, alimkosoa bila woga, akasema Kilatini chake kidogo na Kigiriki chake kidogo zaidi, kisha akamsifu kuliko alivyomsifu mtu mwingine yeyote. Kama kulikuwa na siri, Jonson, mtu wa wivu na ulimi mrefu, angeinyamazia kwa faida gani?

Dharau hii kwa mwigizaji anayeshika kalamu si mpya. Mwaka 1592 kilichapwa kijitabu chenye jina la Robert Greene, msomi aliyekuwa amekwisha kufa, kikimshambulia mwigizaji mmoja kuwa ni kunguru aliyejipamba kwa manyoya ya waandishi wasomi. Wataalamu wengi wanaona aliyelengwa ni Shakespeare. Kosa lake ni nini? Ametoka jukwaani, akathubutu kuandika. Nikisoma hoja za leo naisikia sauti ile ile, na inaniuma, kwa sababu inadhani ufundi wa mwigizaji hauzai fikra.

Na kuna suala la fedha na urafiki. Globe ilipojengwa 1599, nusu ya hisa ilikuwa ya ndugu wawili, Cuthbert na Richard Burbage, na nusu nyingine wakagawana waigizaji watano, Shakespeare akiwemo. Alikula sehemu ya kumi ya mapato ya wenye ukumbi. Augustine Phillips, mwenzake mmoja, alipokufa 1605 alimwachia sarafu ya dhahabu ya shilingi 30. Naye Shakespeare katika wosia ule ule usiotaja vitabu, aliwaachia waigizaji wenzake John Heminges, Henry Condell na Richard Burbage shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete. Burbage akafa 1619. Waliobaki wawili ndio waliokusanya tamthilia 36 na kuzitoa 1623 kwa jina la rafiki yao. Kumi na nane kati ya hizo hazikuwahi kuchapwa kabla. Mojawapo ni ile ya Kaizari (Julius Caesar), ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri 1963. Bila waigizaji wale wawili, huenda Mwalimu asingekuwa na cha kutafsiri.

Ninachokubali, tena kwa moyo mweupe, ni kwamba hakuandika kila mstari peke yake. Mwandishi mwenzake John Fletcher alishirikiana naye mwishoni. The Two Noble Kinsmen ilichapwa 1634 kwa majina yao wote wawili. Mwaka 2016 toleo jipya la kazi zake la Chuo Kikuu cha Oxford likaweka na jina la Christopher Marlowe, mwandishi wa zama zake, kwenye tamthilia za Henry VI. Ubishi wa aina hiyo naupenda, maana ndivyo kampuni za maigizo zilivyofanya kazi: kazi ilikuwa ya watu wengi, na haraka ilikuwa kubwa.

Kwa hiyo kwa wanaosimama na de Vere ninalo swali moja, naomba mlijibu hilo kabla ya kurudi kwenye saini na wosia. De Vere alifariki Juni 1604. Kampuni ilianza kuigiza ndani ya ukumbi wa Blackfriars yapata 1609, ukumbi wa paa na mishumaa, uliolazimu mapumziko kati ya tendo na tendo ili tambi za mishumaa zipunguzwe huku muziki ukipigwa. The Tempest imegawanywa kwa matendo yanayofuata mapumziko hayo, hadi wahusika Prospero na Ariel wanatoka mwisho wa tendo la nne na kuingia tena mwanzo wa la tano, jambo lisilo na maana pasipo mapumziko katikati. Nani aliyeandika hivyo, kama si mtu aliyekuwa hai na aliyeujua ukumbi ule?